Kutengenezesha pete au kidani kwa sonara hapa Bukavu: mambo ya kumaliza kabla dhahabu haijaingia motoni

BintiNguba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Kila mtu akiuliza sonara gani wa kuaminika Bukavu, anapewa majina matatu manne na namba za simu, basi mazungumzo yanaishia hapo. Baadaye anarudi kulalamika. Mimi nimeagiza pete za ndoa, kidani cha mama na bangili za wadogo zangu kwa mafundi wa hapa hapa mjini, kati ya Nyawera na Kadutu, na imani yangu ni hii: ugomvi wa vito karibu wote huzaliwa mezani siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeandika uzito, hakuna aliyetaja karati (kipimo cha usafi wa dhahabu, ambapo 24 ni safi kabisa), na hakuna aliyeuliza vumbi la tupa linabaki kwa nani. Dhahabu ikishayeyuka, zile hereni za bibi hazipo tena za kuonyesha. Limebaki donge, na donge halitoi ushahidi.

Kwa hiyo tuongee yale ya kabla ya moto. Wenye ujuzi kunizidi, na masonara wenyewe kama mmo, karibuni muongeze.

Naanza na dhahabu ya zamani, maana ndiyo inayowapeleka wengi kwa fundi. Kwetu dhahabu haitupwi. Pete iliyopinda, hereni iliyopoteza mwenzake, mkufu uliokatika, vyote vinafungwa kwenye kitambaa vinangoja arusi. Sasa ndani ya kitambaa kimoja mna dhahabu za kila namna. Bangili iliyotoka Dubai inaweza kuwa karati 21, alama yake 875, yaani sehemu 875 za dhahabu safi kwenye elfu. Kilichotoka Ufaransa kwa kawaida ni karati 18, alama 750, na ukikiangalia kwa lenzi unaweza kukuta kichwa kidogo cha tai. Kuna pete za Uingereza za karati 9, alama 375, yaani zaidi ya nusu yake si dhahabu. Ukivitia vyote motoni bila hesabu, hujui kitakachotoka.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Sema una gramu 6 za karati 21 na gramu 4 za karati 9. Zile 6 zina dhahabu safi gramu 5.25, na zile 4 zina gramu 1.5. Jumla ni 6.75 ndani ya gramu 10, ambayo ni karati 16 na kidogo. Ukitaka karati 18 kamili, inabidi kuongeza gramu 3 za dhahabu safi, upate gramu 13. Sonara akikuomba dhahabu ya kuongeza usidhani anakuibia. Mwambie mpige hesabu pamoja, mbele yako. Na asiyetaka kupiga hesabu hiyo mbele yako, mshukuru uondoke.

Vitu vipimwe vikiwa vimetolewa mawe. Nimeona mtu anaandikiwa gramu 8 na ndani yake mna kioo chekundu cha gramu nzima. Siku ya kuchukua kazi kila mmoja ana namba yake. Mizani iwe inasoma mpaka gramu 0.01, irudi sifuri kabla ya kuweka kitu, na feni izimwe maana upepo unaisumbua. Piga picha ya kitu kikiwa juu ya mizani, namba ionekane. Fundi mzuri hachukii picha hiyo, inamlinda na yeye pia.

Halafu mchoro. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu picha haina milimita. Andikeni upana, unene, na uzito unaotarajiwa. Pete bapa ya kidole chenye mzunguko wa milimita 54, upana 4, unene 1.5, ikiwa karati 18 itakula karibu gramu 5.5. Mtu akikuahidi pete hiyo hiyo kwa gramu 3, jua unene utakuwa mdogo na itapinda siku ukibeba ndoo ya maji.

Na bei ya dhahabu usiikisie. Dunia inataja bei kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi, zidisha kwa 0.75 kama ni karati 18. Hiyo ndiyo bei ya madini. Kazi ya mikono inahesabiwa mbali na iandikwe mbali. Nawaomba wandugu, pale msibane sana. Tunatafuta punguzo kwenye mikono ya mtu halafu tunashangaa anapofidia kwenye karati.

SonaraKadutu

Dada BintiNguba, aksanti kwa kufungua maneno haya. Kazi hii nilifundishwa na baba, na yeye alifundishwa na mjomba wake. Nitasema kwa upande wa meza yetu.

Hilo la picha ya simu ndilo linalotuchosha kuliko yote. Mteja analeta picha ya pete iliyotoka kiwandani, imepigwa na mashine, ndani iko wazi kama ganda. Kwa macho ni nene, kwenye mizani ni gramu 2. Mimi nikiitengeneza kwa mkono itakuwa imejaa, itafika gramu 6 au 7. Ananiambia namlia dhahabu. Ndiyo maana siku hizi nachonga kwanza kwa nta. Nampa mteja aivae ile nta kidoleni taratibu, aione, aseme punguza hapa, ongeza pale. Nta ni rahisi kusahihisha. Na inatupa uzito wa mwisho kabla ya kuyeyusha: pima nta, zidisha mara 15 na nusu hivi, hapo una uzito wa karati 18. Nta ya gramu 0.35 inatoa pete ya gramu 5 na nusu kasoro kidogo. Mteja anaijua namba hiyo akiwa bado na pesa zake mfukoni.

Baada ya nta tunaifunika kwa plasta, inakauka, inaingia kwenye tanuru, nta inayeyuka na kuungua, inabaki nafasi tupu yenye umbo la pete. Dhahabu ndiyo inajaza nafasi hiyo. Tanuru letu ni la umeme, na wote tunaishi na SNEL, shirika letu la umeme. Umeme ukikatika katikati, plasta ikapoa, inaweza kupasuka na kazi ya nta inaanza upya. Kwa hiyo nikikuambia wiki mbili, usipange arusi siku ya kumi na tano.

Sasa la dhahabu ya zamani. Mnisikilize hapa, maana wateja wengi hawalijui. Pete nyingi za zamani zilishawahi kurekebishwa na mtu asiye sonara, akalehemu kwa ile waya ya bati na risasi inayotumika kwenye redio. Risasi kidogo sana ikiingia kwenye dhahabu inaiharibu yote. Inakuwa ya kuvunjika. Unaipiga nyundo mara ya kwanza inatulia, mara ya pili inapasuka pembeni, na ukiangalia mpasuko una chembechembe za kijivu. Kwa hiyo mimi kabla ya kuyeyusha naketi na lenzi, natafuta doa lolote jeupe kwenye maungio, nalikata, naliweka kando kwenye karatasi na mteja analiona. Chemchemi ndogo ya kufuli ya mkufu ni ya chuma, nayo naitoa. Mteja anaona nimepunguza uzito wake. Hapana mama, nimeiokoa dhahabu yako.

Kuhusu upungufu: upo, asikudanganye mtu. Tupa inakula, msasa unakula, kung'arisha kunakula. Chini ya meza yangu kuna ngozi inayokinga vumbi, na jioni ninalikusanya. Njia mbili ni za haki. Ama vumbi na vipande vinarudi kwako kwenye kikaratasi, vinapimwa pamoja na kazi, ama vinabaki kwangu na vinapunguzwa kwenye bei ya kazi. Mbaya ni kunyamaza tu. Hesabu ya mwisho lazima ifunge: ulicholeta, pamoja na nilichoongeza, ni sawa na pete, na vipande, na vumbi, na upungufu tuliokubaliana.

Jambo la mwisho, lehemu. Kazi ya karati 18 iunganishwe kwa lehemu ya karati 18. Ukitumia lehemu ya chini, kwenye pete moja yenye kiungo kimoja hutaona, lakini mkufu wa pingili mia unashuka karati wote. Uliza kabla.

Mwalimu_Bagira

Aksanti sana papa sonara. Nina swali dogo: nataka kumchumbia binti fulani na sitaki ajue. Kipimo cha kidole nitakipataje?

BintiNguba

Hongera mwalimu! Muombe dada yake au rafiki yake akupatie pete anayoivaa kwenye kidole kile kile, mkono ule ule. Kidole cha kulia na cha kushoto havilingani kwa watu wengi. Pima kipenyo cha ndani kwa rula nzuri au kalipa ya fundi: milimita 17.2 ndiyo kipimo 54, kwa sababu 17.2 mara 3.14 inakupa mzunguko wa 54. Ndivyo vipimo vya Kifaransa vinavyokwenda, ni mzunguko wa ndani kwa milimita.

Uzi wa kushonea usitumie, unavutika. Kipande cha karatasi chembamba ni bora.

SonaraKadutu

Na niongeze: asubuhi ya baridi ya huku kwetu vidole vinasinyaa. Mpime mtu mchana au jioni, mikono ikiwa na joto. Mwenye kiungo kinene, pete ipite kwenye kiungo bila kuumiza ingawa chini itacheza kidogo. Pete ya upana wa milimita 6 kwenda juu inabana kuliko nyembamba ya kipimo hicho hicho, hiyo naipandisha kidogo. Mama mjamzito simpimi kabisa, namwambia angoje.

Mwalimu, ukikosea si mwisho wa dunia, pete laini isiyo na mawe kuizunguka tunaikata na kuiongeza. Ile yenye mawe pande zote ndiyo haipanuliki vizuri. Ya uchumba chagua yenye jiwe moja juu.

MamaWaPanzi

Mimi roho yangu bado inauma. Nilipeleka hereni za marehemu mama na mkufu wake kwa fundi mmoja, simtaji. Zilikuwa njano nzuri. Pete iliyorudi ni nyekundu nyekundu, na kidole kinabaki na alama nyeusi. Fundi anasema eti ni moto tu. Nitajuaje? Jirani yangu ameleta sumaku, haikushika, akasema basi ni dhahabu.

SonaraKadutu

Mama, pole sana. Sumaku haitakusaidia hapo. Shaba haishiki sumaku, shaba ya njano nayo haishiki. Sumaku inakamata chuma na madini machache kama nikeli, basi.

Kuhusu wekundu kuna mambo mawili. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu kwenye elfu, na zile 250 zinazobaki ni madini ya fedha na shaba. Ukizidisha fedha rangi inapauka, ukizidisha shaba inakuwa nyekundu, na bado ni karati 18 halali. Kwa hiyo rangi peke yake haimhukumu mtu. Pia dhahabu ikitoka motoni juu yake shaba inaungua na kuacha weusi na wekundu. Tunaitumbukiza kwenye tindikali dhaifu kisha tunaing'arisha, weusi huo unaondoka. Kama fundi aliruka hatua hiyo, dakika chache zinatosha kuisafisha. Lakini kidole kuwa cheusi siku nyingi mfululizo, hapo nataka kuipima.

Peleka pete kwa masonara wawili wengine wasiojuana, waipime kwenye jiwe jeusi. Wanaikwaruza inaacha mstari, pembeni wanakwaruza sindano ya karati inayojulikana, wanadondosha tindikali ya kipimo hicho juu ya mistari yote miwili. Mstari wa pete ukififia na wa sindano ukabaki, karati iko chini. Aikwaruze sehemu ya ndani, na akwanguwe kidogo kwa tupa kwanza, kama imepakwa dhahabu juu tindikali isidanganywe na ngozi.

BintiNguba

Mama, kuna na kipimo cha maji ambacho unaweza kukifanya nyumbani, ukiazima mizani ya gramu 0.01. Mimi nakifanya kwa kila kazi ninayopokea, mbele ya fundi, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Unapima pete kavu, unaandika. Unaweka kikombe kidogo cha maji juu ya mizani, unabonyeza irudi sifuri. Unafunga pete kwa uzi mwembamba, unaishusha ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala ukuta wa kikombe. Umeishikilia kwa mkono, inaning'inia. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hakikisha hakuna povu lililoganda kwenye pete, povu linaharibu kila kitu, itikise kidogo litoke. Sasa gawanya uzito wa kwanza kwa namba ile ndogo. Pete ya gramu 5.50 ikionyesha 0.35 ndani ya maji, jibu ni 15.7. Karati 18 ya njano inacheza kati ya 15 na 16. Dhahabu safi ni 19.3. Shaba nyekundu ni karibu 9, shaba ya njano ni 8 na nusu hivi. Ukipata 11 au 12 kwenye kitu ulichoambiwa ni 18, rudi kwa fundi ukiwa na karatasi yako.

Kipimo hiki hakifai kwa pete yenye jiwe wala hereni zilizo wazi ndani, hewa na jiwe vinavuruga hesabu.

MamaWaPanzi

Nimeelewa. Kesho natafuta mizani. Aksanti wanangu.

Mwana_wa_Mwenga

Niwasalimu wote. Naona mnaongelea dhahabu ya zamani, lakini kuna watu wanaoona ni bei rahisi kununua dhahabu ya machimboni kisha kumpelekea sonara. Mimi nimekulia karibu na Kamituga, nimeona kazi hiyo toka mtoto. Ninayo mawili ya kusema.

La kwanza, dhahabu ya shimo si karati 24. Inatoka ardhini tayari ikiwa na fedha ndani yake, na kila mlima una yake. Ukiihesabu kama safi kwenye ile hesabu ya dada BintiNguba, utapata karati ya chini kuliko uliyoandika. Ipimwe kwanza.

La pili ndilo linaloniumiza. Wachimbaji wengi wanakamata dhahabu kwa zebaki. Wanachanganya mchanga na zebaki, inashika chembe za dhahabu, wanakamua kwa kitambaa, kisha wanachoma lile donge ili zebaki iruke. Dhahabu inayobaki ina matundu matundu kama sifongo, na ndani ya matundu zebaki inaweza kubaki. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357, dhahabu inayeyuka kwa 1064. Maana yake sonara anapoiyeyusha, kilichobaki chote kinapanda hewani pale pale alipo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Unaharibu figo, unatetemesha mikono, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Kuna nyumba wanachoma jikoni na watoto wamekaa pembeni. Tafadhali, kama mna sonara mnayempenda, msimpelekee dhahabu ya sifongo afanyie kazi ndani ya chumba kisicho na hewa.

Na kwa upande wa sheria: Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtambua mchimbaji mwenye kadi na negosia, yaani mnunuzi wa madini, mwenye kadi. Mtu wa kawaida kutembea na dhahabu ghafi mfukoni anajitafutia matatizo, na kuivusha mpaka wa mto Ruzizi bila cheti cha CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha madini, ni magendo. Nunua kwa sonara mwenye vitabu vyake, au tumia ya zamani ya nyumbani.

SonaraKadutu

Kaka wa Mwenga, Mungu akubariki kwa hilo la mvuke. Baba yangu mikono ilimtetemeka miaka ya mwisho na hatukujua kwa nini mpaka daktari alipotuuliza kazi yake. Sasa dhahabu ya sifongo siipokei. Na walio na pete: mtu asishike zebaki akiwa ameivaa, hata tone la kipimajoto kilichovunjika. Dhahabu inainywa, inageuka nyeupe.

Kijana_wa_Lushi

Jambo kutoka Lubumbashi! Uzi mzuri. Huku kwetu watu wengi wanaanzia kwenye shaba na malakiti, maana ndizo za ardhi yetu. Wageni wakija Lushi wanataka kidani cha jiwe la kijani lenye mistari, na wenyeji tunapenda umbo la msalaba wa shaba, ule wa zamani uliotumika kama pesa Katanga. Nimetengenezewa mmoja mdogo, shaba nyekundu na kipande cha malakiti katikati, na nataka niwaambie mambo ya jiwe hili kabla hamjaagiza.

Malakiti ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe inakaa kati ya 3 na nusu na 4, wakati vumbi la kawaida la nyumbani lina mchanga wa ugumu wa 7. Kwa hiyo pete ya malakiti ya kuvaa kila siku itachubuka na kupoteza mng'ao. Iwe kidani, iwe hereni. Haipendi moto, haipendi tindikali: ndimu, siki, hata ile dawa ya sonara ya kusafishia inaila. Jiwe liingie mwisho kabisa, baada ya kulehemu, kusafisha na kung'arisha, na lizungushiwe ukingo mzima wa chuma badala ya makucha, maana makucha yanabana sehemu ndogo na jiwe linapasuka.

Na mafundi wanaolikata: likatwe likiwa na maji. Vumbi lake lina shaba na si la kuvuta. Ukimwona fundi anasaga kavu, na wewe umekaa pale unangoja, mwambie.

Shaba tupu shingoni inaacha kijani kwenye ngozi ya mtu mwenye jasho. Si ugonjwa, inaoshwa. Fundi wangu aliupaka mgongo wa msalaba lakiri ya uwazi, na inaporudiwa mara kwa mara inasaidia.

Mwalimu_Bagira

Kaka wa Lushi umenikumbusha. Jiwe la ile pete nilitaka liwe la hapa kwetu. Kuna mtu ananiuzia turmalini ya kijani, anasema imetoka Numbi, upande wa Kalehe. Nisije nikanunua chupa ya bia iliyosagwa.

SonaraKadutu

Turmalini kweli inatoka Numbi, mwalimu, na ni jiwe zuri kwa pete, ugumu wake ni 7 mpaka 7 na nusu. Lishike mkononi kwenye mwanga wa dirisha, uliangalie kwa ubavu, kisha uligeuze uliangalie kwa kichwa. Turmalini nyingi zinabadilika: kwa ubavu kijani ni chepesi, kwa kichwa kinakuwa kizito, karibu cheusi. Kioo kina rangi moja popote utakapogeuza. Kisha lenzi: kioo mara nyingi kina viputo vya hewa vya duara. Mistari mirefu kama nywele au mipasuko midogo ndani isikutie hofu, turmalini ya kweli inayo, mradi isifike juu ya uso wa jiwe.

Lakini usinunue kabla hujaniletea. Nataka nilione jiwe kabla sijachora pete. Watu wanachora kwanza halafu wanatafuta jiwe la kutosha shimo, na jiwe la asili halikubali amri. Kama ni refu, pete inachorwa kwa urefu wake. Nalo pia haliingii motoni, joto la ghafla linalipasua. Likishakaa kwenye pete na siku moja ukataka kupanua kidole, inabidi nilitoe kwanza, kwa hiyo kipimo tukipate vizuri mapema.

MamaWaPanzi

Wanangu narudi na majibu. Nimepima kwa maji na kijana wa dukani, tumerudia tena na tena tukitoa povu. Imetoka 12.4. Masonara wawili wameikwaruza, wote wamesema haifiki 18, mmoja anasema labda 10 au 11.

BintiNguba

Pole mama. Nenda kwa yule fundi na mtu mzima mmoja wa familia, siyo na kelele. Mpe hesabu: uzito uliopeleka, uzito wa pete, kipimo cha masonara wawili. Mwambie akurudishie tofauti ya dhahabu safi kwa gramu. Kama uliandikiwa karatasi au una picha ya hereni kwenye mizani, ichukue. Kama huna, tafuta picha yoyote ya mama amevaa hereni zile, ukubwa wake unaonekana na sonara mwingine anaweza kukadiria zilikuwa na gramu ngapi. Pete yenyewe usimwachie tena, aione ukiwa umeishika.

MamaWaPanzi

Picha ipo, ya siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Nitaenda na shemeji yangu.

Mwalimu_Bagira

Mama tuko pamoja. Papa sonara, la mwisho: nikitaka majina yaandikwe ndani ya pete, ni kabla au baada?

SonaraKadutu

Baada ya yeye kuivaa na kuikubali, mwalimu. Nikikata pete kuipanua mahali penye maandishi, herufi zinakufa. Na pete iwe na unene wa milimita 1.5 walau, chini ya hapo patasi inaacha kivuli upande wa nje. Lete jiwe na ile pete ya kuazima, niko Kadutu kila siku isipokuwa Jumapili. Njoo kabla ya saa nane, baada ya hapo mwanga wa dirisha langu unakuwa mbaya kwa mawe ya kijani.